Biashara ya Majina Wakati wa Misiba: Ipi Halali na Ipi Haramu?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, ametujia kijana mmoja katika wanafunzi wa darsa yetu baada ya Sala ya Alasiri, akatuuliza suali ambalo tumeona yafaa tulijibu katika waraka huu, kwani twajua si yeye peke yake aliye nalo. Alisema:

"Sheikh, mwaka 2024 zilipokuja mvua kubwa na mafuriko yakawatoa watu majumbani mwao huko Tana River na Garissa, nilizisikia habari nikiwa na simu mkononi. Saa ile ile nikaandikisha jina la tovuti lenye maneno ya msaada wa mafuriko. Nililipa fedha chache, hazifiki bei ya kanzu. Siku ya tatu kina mama wa mtaani kwetu, waliokuwa wakikusanya unga na nguo, wakalitaka jina lile wapate kuwatangazia watu. Nikawaambia walete shilingi 20,000. Hawakuwa nazo, wakaenda zao. Jina ningali nalo. Je, lau wangalilinunua, mali ile ingalikuwa halali kwangu?"

Tumefurahi kwamba ameuliza, kwani mwenye kuuliza ana moyo ulio hai. Na kabla ya kujibu, yafaa tuwaeleze wazee wetu wasioyajua mambo haya.

Tovuti ni kama duka ndani ya intaneti, na jina lake ni kama anwani iliyoandikwa juu ya mlango. Jina moja haliwezi kuwa la watu wawili. Anayetangulia kuliandikisha ndiye apewaye, wala kwa kawaida haulizwi alitakia nini. Tena hauziwi likawa lake milele, bali hukodishwa kwa miaka. Na jina lenye kumalizikia kwa.com halikodishwi kwa zaidi ya miaka 10 kwa mara moja. Asipolipa, humtoka mkononi. Basi wako watu ambao kazi yao ni kuzivizia habari. Kukisikiwa tetemeko la ardhi, au maradhi mapya, au ndege iliyoanguka, wao huwa wamekwisha kuandikisha majina ya msiba ule hata kabla maiti hawajazikwa, wakakaa kuwangojea watakaoyahitaji.

Watu hawa si namna moja, na hukumu zao si moja.

Wa kwanza ni yule aliyeandikisha jina ili awape watu habari za kweli, au akusanye msaada na kuufikisha. Huyu ana thawabu insha Allah, kwani amelifuata agizo la Mola wetu katika Suratul-Maida la kusaidiana katika wema na uchaji.

Wa pili ni yule aliyeliandikisha ili alaghai. Mwezi wa Machi mwaka 2020, maradhi ya korona yalipokuwa yakienea duniani, serikali ya Marekani ilikwenda mahakamani huko Texas kuifungisha tovuti iliyokuwa ikidai kutoa bure chanjo za Shirika la Afya Duniani, na kutaka dola 4.95 za kusafirishia tu. Na wakati huo hapakuwa na chanjo hata moja ya korona popote duniani! Hukumu ya mtu huyu haina khitilafu. Mtume wetu (S.A.W.) alipotia mkono katika chungu ya nafaka sokoni na kuikuta imelowa chini, alimkana muuzaji yule na kila mwenye kughushi. Basi itakuwaje kwa aliyeuza kisichokuwapo kabisa?

Wa tatu, naye ndiye tuliyeulizwa, ni yule asiyelaghai wala asiyesaidia. Amelishika jina tu, anangoja bei. Hapa ndipo penye mazungumzo.

Huenda mtu akasema: "Jina ni mali, na mali huuzwa kwa maridhiano." Tutamjibu: Ni kweli, wala hatuharimishi alichohalalisha Mwenyezi Mungu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait mwezi wa Desemba mwaka 1988, liliamua kwamba majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na haijuzu kuzidhulumu. Basi mwenye kununua jina la kawaida, kama jina la tunda au la kazi, kisha akaliuza kwa faida bila ya udanganyifu, hatuna neno juu yake. Maneno yetu ni juu ya jina lililozaliwa na msiba, ambalo thamani yake yote ni machozi ya watu.

Tena atasema: "Nimetangulia, na aliyetangulia ana haki." Sisi wa pwani hii ni watu wa madhehebu ya Imamu Shafi, na Minhaji ya Imamu Nawawi yasomwa katika darsa zetu. Na afungue mlango wa kufufua ardhi iliyokufa. Atakuta kwamba mwenye kuizungushia ardhi mawe au kuitia alama hakuimiliki kwa hilo. Amepata haki ya kutangulizwa tu. Akikaa muda mrefu bila ya kuijenga wala kuilima, mtawala humwambia: ama ifufue, ama iache. Na imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba alimpa mtu kama huyo miaka mitatu, kisha hana haki tena. Hiyo ni ardhi, ambayo hungoja. Je, mafuriko hungoja miaka mitatu? Mwenye njaa juu ya paa la nyumba hangoji siku tatu.

Atasema: "Lakini mimi nimelipa kodi." Ndiyo, umelipa. Hata aliyekodi chumba kando ya kisima cha msikiti amelipa kodi, wala kodi yake haimpi ruhusa ya kuwazibia watu njia ya kisima.

Na mwenye elimu atasema: "Uhodhi uliokatazwa, kwa madhehebu yetu, ni wa chakula tu." Hili pia ni kweli. Lakini Imamu Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, amesema kwamba kila kitu ambacho kukizuia kwawadhuru watu, kukizuia huko ni uhodhi. Na msingi wa kuondoa madhara umekubaliwa na madhehebu zote. Kina mama wale hawakutaka jina la pambo. Walilitaka ili unga uwafikie wenye njaa.

Sasa tuwape mfano mmoja mkubwa. Mwaka 1976 yalizuka maradhi mabaya katika kijiji cha Yambuku huko Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Wataalamu walipotaka kuyapa jina, waliogopa kuyaita kwa jina la kijiji wasije wakawatia watu wake aibu ya milele. Wakachukua jina la mto, mto Ebola. Tazameni walivyochunga! Kisha mwaka 2008 mfanyabiashara mmoja wa Marekani akalinunua jina la ebola.com kwa dola 13,500, akakaa nalo. Mwaka 2014 Ebola ikaingia Guinea, Liberia na Sierra Leone, na hata ilipokwisha mwaka 2016 ilikuwa imeua watu zaidi ya 11,000. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule wa 2014, watu wakingali wakizikana, jina lile liliuzwa kwa thamani ya zaidi ya dola 200,000: dola 50,000 taslimu, na zilizobaki ni hisa za kampuni ya bangi.

Kwa sheria za kidunia hakufanya kosa. Lakini twauliza: lau maradhi yangalikoma kijijini kwa watu kumi, jina lile lingaliuzwa kwa kiasi gani? Basi mwenye kulishika jina kama hilo, moyo wake hutamani nini kila asubuhi afunguapo habari? Imamu Ghazali ametaja katika Ihyaa kwamba mmoja wa watangulizi wema alimuusia mtu asimtie mwanawe katika biashara ya chakula wala ya sanda, kwa kuwa mwenye chakula hutamani bei ipande, na mwenye sanda hutamani watu wafe. Na sanda ni kitu ambacho maiti hana budi nacho! Ikiwa waliihofia nyoyo za wauza sanda, wangesema nini juu ya mwenye kuuza jina la mauti?

Wala tusitaraji sheria za watu zitutoshe. Shirika liitwalo ICANN, lililoundwa Marekani mwaka 1998 kusimamia majina haya, liliweka kanuni mwaka 1999 ya kumnyang'anya jina aliyelichukua kwa nia mbaya. Lakini mlalamikaji hutakiwa kuthibitisha mambo matatu: kwamba jina lafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelichukua hana haki nalo, na kwamba ameliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Basi mwenye kampuni analindwa. Je, aliyechukuliwa nyumba na maji ana alama ya biashara? Kina mama wenye magunia ya unga wanayo? Hawana. Hapo sheria imenyamaza, na hakuna wa kumzuia mtu ila kumcha Mola wake.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi. Mwenye kulishika jina la msiba bila ya kulitumia amefanya jambo la kuchukiza. Na akija mwenye kulihitaji kwa kuokoa watu, kisha akamzuilia ili apate bei kubwa, twaona kuwa ni haramu, kwa sababu ya madhara yaliyomo. Haki yake ni kurudishiwa alicholipa, basi.

Ewe mwanetu uliyeuliza, mali ile hukuipata, na hiyo ni rehema ya Mola wako juu yako. Lakini kina mama walirudi mikono mitupu, na haki ya mwanadamu haifutwi kwa istighfari peke yake. Nenda kwao uwaombe radhi, kisha uwape jina lile kwa gharama uliyolipa. Na ukiwapa bure ni sadaka. Au ulifufue wewe mwenyewe: liweke habari za kweli, nani anakusanya, wapi, na vimefika kwa nani.

Wala tusiwatupie vijana lawama zote. Mvua za masika hatuzijui leo. Kamati zetu za misikiti zina viti, vipaza sauti na mazulia mapya. Kwa nini hazina jina moja lililoandikishwa mapema, kijana mwaminifu wa kulitunza, na daftari la hesabu lililo wazi? Lau tungalikuwa nalo, kina mama wale wasingalimwendea mtu kumbembeleza. Kijana alikuwa macho usiku ule nasi tulikuwa tumelala. Kosa lake ni la tamaa, na letu ni la uzembe, na yote mawili tutaulizwa.

Tukisikia habari ya msiba, neno la kwanza liwe ni kurejea kwa Mwenyezi Mungu, la pili liwe ni kuhakikisha kama Suratul-Hujurat ilivyotuamrisha, na la tatu liwe ni kuuliza: nani anahitaji, na tuna nini cha kumpa?

Ewe Mola wetu, zitakase chumo zetu, wala usiifanye riziki yetu itokane na misiba ya waja wako. Amin.