NANI ALITANGULIA KARMELI?



Kuna neno moja tunalolisikia sana hapa makazini, bombani, kwenye foleni ya mgao, na (tuseme kweli) hata katika kikao cha wazee wa kanisa: "Sisi ndio tuliotangulia hapa." Aliyefika miaka mingi iliyopita anamwambia hivyo aliyefika juzi. Mwenyeji wa kijiji cha jirani anatuambia hivyo sisi sote tunapoonekana na mzigo wa kuni. Na huko tulikotoka wengi wetu tulifukuzwa kwa neno hilo hilo: babu zenu walikuja tu, rudini kwenu. Basi tuulize polepole, kama watu wanaomcha Mungu: je, kutangulia mahali kunampa mtu haki gani juu ya mwenzake?

Tunapenda kuliuliza swali hili tukiwa juu ya mlima wa Karmeli. Wengi wetu tunaujua kwa habari za Eliya, lakini pengine hatujui umekaaje. Ni safu ya milima kaskazini mwa Israeli, isiyozidi mita 546 kwa urefu wa kilele, na ncha yake inashuka hadi Bahari ya Mediterania pale ulipo mji wa Haifa. Nchi inatokeza baharini kama pua. Ndiyo maana mtumishi wa Eliya aliweza kusimama juu na kuona wingu dogo likitoka baharini. Watu wa nchi zilizotulia huenda huko na viatu vizuri na chupa ya maji, wakapanda kwa miguu, wakatazama, wakashuka. Kwetu, kutembea kutwa kwa ajili ya kutazama tu ni jambo geni kidogo. Safari zetu ndefu za miguu tulizifanya na godoro kichwani na mtoto mgongoni, na hakuna aliyesimama kusifu mandhari. Lakini ramani iliyo nyuma ya Biblia haidai kibali cha kutoka. Tupande.

Upande wa magharibi wa mlima, kusini mwa Haifa, kuna mapango ambayo mwaka 2012 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mwingereza mmoja, mama Dorothy Garrod, aliongoza uchimbaji hapo kuanzia mwaka 1929 hadi 1934. Katika pango moja walikuta watu waliozikwa yapata miaka laki moja iliyopita, na mmoja wao alikuwa amelazwa na taya la nguruwe mwitu mikononi. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliosimama kaburini na kumpa mwenzao kitu cha kwenda nacho. Katika pango lingine la Karmeli lilipatikana taya la binadamu wa jinsi yetu, na wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba lina umri wa karibu miaka 180,000. Wanasema watu wa jinsi yetu walifika huko wakitoka Afrika. Tunajua wako kati yetu wasiopenda hesabu za miaka ya namna hii, na hatutagombana nao leo. Ila tuone inakotupeleka: kama haki ni ya aliyetangulia, hati ya Karmeli ingeandikwa kwa jina la Mwafrika! Tena hata yeye asingekuwa na uhakika, maana katika mapango hayo imepatikana pia mifupa ya watu wa jinsi nyingine, waliokwisha kutoweka duniani.

Tuje kwa Eliya. Biblia yetu ya Kiswahili inapomtaja mara ya kwanza (1 Wafalme 17:1) inamhesabu miongoni mwa wageni waliokaa Gileadi. Wakati wa njaa alilishwa na mjane wa Sarepta, mwanamke wa nchi ya Sidoni, ambaye angeweza kabisa kumwambia kwamba unga ni wa wenyeji. Halafu alipopanda Karmeli hakujenga kitu kipya kwanza. Alitengeneza madhabahu ya Bwana iliyokuwa imebomoka (18:30). Ni nani aliyeijenga? Hatuambiwi. Alitwaa mawe kumi na mawili, ingawa ufalme ulikuwa umekwisha kugawanyika na makabila yake hayakuwa yakielewana. Hata waliokuwa upande wa pili wa mpaka aliwawekea jiwe lao.

Hatutaki kuruka mstari wa 40. Chini ya mlima, penye kijito cha Kishoni, manabii wa Baali waliuawa wote. Sisi tuliokimbia mauaji hatuwezi kuusoma mstari huo kwa kushangilia, na mhubiri anayeushangilia mbele ya watu wetu hajui anahubiria nani. Sura inayofuata inamwonyesha Eliya mwenyewe akikimbia kuokoa roho yake, akilala chini ya mti nyikani, akiomba afe.

Baada yake wengine walikuja. Vespasiano, jemadari wa Rumi kabla hajawa Kaisari mwaka 69, alitoa sadaka hapo. Mwandishi Tasito anasema hapakuwa na hekalu wala sanamu, ila madhabahu tu. Mwanzoni mwa karne ya 13 watawa Wakristo waliishi mlimani wakimkumbuka Eliya, na mwaka 1291 ikabidi waondoke. Pango linaloitwa la Eliya, chini ya ile ncha ya mlima, Wayahudi, Wakristo, Waislamu na Wadruzi wote wanaliheshimu.

Na ukisimama juu ya ncha hiyo ukatazama chini, unaiona bandari. Humo tarehe 25 Novemba 1940 ilizama meli iitwayo Patria, imejaa Wayahudi waliokimbia Ulaya. Serikali ya Waingereza ilikuwa imewakatalia kushuka na ilitaka kuwapeleka Mauritius. Wenzao wakaweka bomu ili meli isiweze kuondoka, na zaidi ya watu 200 wakafa. Katika bandari hiyo hiyo, Aprili 1948, maelfu ya Waarabu wa Haifa walipakiwa kwenye mashua na vyombo vingine wakikimbia vita, na wengi hawakurudi tena. Haikutimia hata miaka minane kati ya msiba na msiba. Mlima ni mmoja, maji ni yale yale, na kila upande unaweza kukuhesabia mababu.

Kwa hiyo sisi tunasema wazi kwamba hoja ya "tulitangulia" haina sakafu. Ukiichimba, chini ya kila mtu utamkuta mwingine. Nabii Amosi, katika sura ile ile anayoutaja Karmeli (sura ya 9), anawaambia Israeli jambo lililowachoma: Mungu aliyewatoa wao Misri ndiye aliyewatoa Wafilisti Kaftori. Kila taifa lina safari yake, na Bwana anazijua zote.

Lakini hapo mtu atatuuliza, na ana haki ya kuuliza: Mchungaji, basi shamba langu nililoliacha si kitu? Nyumba yangu anayolala mtu mwingine leo, niisahau?

Hapana. Tumkumbuke mama Mshunami, yule aliyepanda punda kwenda Karmeli kumtafuta Elisha siku mwanawe alipokufa (2 Wafalme 4). Baadaye njaa ilimfanya mkimbizi; alikaa miaka saba katika nchi ya Wafilisti, wale wale wa Kaftori. Aliporudi alikwenda kwa mfalme kudai nyumba na shamba lake (2 Wafalme 8:1-6). Hakusema ukoo wake ulitangulia Shunemu, wala hakuomba mtu yeyote afukuzwe nchini. Alidai shamba alilolima yeye, aliloliacha kwa sababu ya njaa. Dai la namna hiyo lina mipaka, lina jina la mtu, na linaweza kuhukumiwa. Lile la mababu halina mwisho. Linaweza kummeza jirani pamoja na watoto wake ambao bado hawajazaliwa.

Mfalme alimpa ofisa wa kusimamia arudishiwe vyote, pamoja na mazao ya shamba tangu siku aliyoondoka. Bila shaka kwa miaka ile saba kuna mtu aliyekuwa akililima, naye pengine alikuwa na watoto. Tumetafuta katika sura nzima, na ile inayofuata. Biblia haisemi alikwenda wapi.