Kosa la Kidole: Kasi, Usahihi na Dhamana ya Mchapaji

Swali la nani anayewajibika kwa tendo ambalo mwili umelitenda bila akili kuliagiza ni la zamani katika falsafa na katika elimu ya dini, lakini huulizwa kwa nadra pale linapozuka mara nyingi zaidi kila siku, yaani kwenye kibodi ya kompyuta. Mchapaji aliyekomaa katika kazi yake hakusudii herufi moja moja. Hukusudia neno au sentensi, na vidole hutimiza yaliyobaki. Kidole kinapoteleza, herufi ambayo hakuna mtu aliyeitaka huingia katika karatasi, na karatasi hiyo hupigwa muhuri na kusomwa ofisini, bandarini au mahakamani kana kwamba kila alama iliyomo ilikusudiwa.

Mji wa Kalemie, nchini Kongo, unalipa swali hili uzito wake. Mji huu wa ufukwe wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ulioitwa Albertville wakati wa utawala wa Wabelgiji, ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015, na kwa hiyo kazi ya kuchapa haiishi humo: kuna barua za serikali ya jimbo, hati za mizigo inayovuka ziwa kwenda Kigoma, kazi za wanafunzi za kumaliza masomo, vyeti vya ubatizo vya parokia, na, tangu mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipopamba moto mwaka 2016, orodha ndefu za wakimbizi wa ndani, yaani watu waliofukuzwa makwao bila kuvuka mpaka wa nchi, ambao hawapati chakula wala turubai endapo jina lililo katika orodha halilingani na jina lililo katika kadi.

Kasi ya kuchapa hupimwa kwa maneno kwa dakika, lakini neno katika kipimo hiki si neno la kamusi. Ni mipigo mitano ya vitufe, nafasi na nukta zikiwemo. Desturi hiyo, ijapokuwa ilizaliwa mbali, inakitendea haki Kiswahili, kwa sababu neno kama «hatutawaandikisha», lenye herufi 17, lingehesabiwa kuwa moja tu kama mpimaji angefuata kamusi. Mchapaji aliyepiga mipigo 1,000 kwa dakika 5 amechapa maneno 200 ya namna hiyo, sawa na 40 kwa dakika, na hiyo huitwa kasi ghafi. Ikiwa ameacha makosa 10, makosa hayo hugawanywa kwa dakika zile 5, jibu hutolewa katika kasi ghafi, na inayobaki ni kasi halisi ya maneno 38. Usahihi wake, yaani sehemu ya mipigo iliyokuwa sawa, ni asilimia 99.

Asilimia 99 husikika kama ukamilifu, na hapo ndipo kipimo kinapoanza kuficha jambo. Orodha ya watu 100, ambao kila mmoja jina lake, jina lake la pili na jina lake la ubatizo hudai mipigo 20 kwa jumla, ni kazi ya mipigo 2,000. Kwa usahihi wa asilimia 99 itakuwa na makosa 20, na kama makosa hayo yametawanyika bila mpango, watu wapatao 18 kati ya wale 100 watakuwa na kasoro katika majina yao. Tena kipimo hutoza faini ile ile kwa nukta iliyosahauliwa na kwa herufi inayogeuza maana. Mchapaji anayeandika «amelipa» badala ya «amelipwa» ameacha herufi moja, na kwa herufi hiyo aliyekuwa amepokea fedha amegeuka kuwa ndiye aliyezitoa. Programu ya kukagua tahajia haitapiga mstari mwekundu, maana maneno yote mawili ni Kiswahili safi. Vivyo hivyo Ngoy, Ngoyi na Ngoie ni majina halali yote matatu, wala hakuna mashine inayojua ni lipi la mtu huyu.

Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya utume miongoni mwa Waluba wa Katanga, alidai katika kitabu chake La philosophie bantoue, kilichotolewa mwaka 1945 huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kwamba kwa Wabantu jina hufungamana na nafsi yenyewe ya mwenye jina. Wanafalsafa wa Kiafrika waliokuja baadaye walimlaumu kwa kuwatia watu wa lugha na desturi nyingi katika fikra moja, na lawama hiyo ni ya haki. Lakini mama aliyesimama mbele ya orodha akaambiwa kwamba hayumo hahitaji nadharia ya nafsi ili atambue kwamba pamoja na herufi iliyopotea amepotea yeye mwenyewe, kwa siku hiyo na kwa mgao huo.

Kabla ya kumhukumu mchapaji yafaa kutazama chombo alichopewa. Kongo imerithi kibodi ya Kifaransa, ambayo huitwa AZERTY kutokana na herufi sita za kwanza za safu yake ya juu, wakati majirani wa Tanzania na Kenya hutumia ile ya QWERTY. Katika kibodi ya Kifaransa vidole vya mkono wa kushoto hupumzika juu ya Q, S, D na F, na vya kulia juu ya J, K, L na M, navyo vidole vya shahada huongozwa na vinundu vidogo vilivyo juu ya F na J. Herufi A, inayotokea kuliko nyingine zote katika Kiswahili, imewekwa pembeni juu, ambako kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilicho dhaifu, hulazimika kujinyoosha kila mara. Herufi W, ambayo bila yake hakuna «watu» wala «kwa» wala «amelipwa», iko kwenye kona ya chini, ikingojea kidole hicho hicho. Na kitufe ambacho kidole hicho hukaa juu yake bila taabu ni Q, ambayo Kiswahili hakiitumii kabisa. Sehemu ya makosa ya mchapaji wa Kalemie, basi, ilipangwa na watu walioifikiria lugha nyingine.

Uchunguzi wa wanasaikolojia umelifanya swali la uwajibikaji kuwa gumu zaidi. Maurice Merleau-Ponty, mwanafalsafa Mfaransa, aliandika mwaka ule ule wa 1945 kwamba mtu anaweza kujua kuchapa bila kuweza kusema herufi ziko wapi kwenye mashine, akimaanisha kwamba kuna ujuzi unaokaa mikononi na usiohitaji kupita katika maneno. Karibu miaka 70 baadaye, mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani waliwapa wachapaji 100 picha ya kibodi isiyo na herufi ili waijaze. Watu hao, ambao kasi yao ya wastani ilizidi maneno 70 kwa dakika, waliweza kuweka mahali pake herufi 15 hivi tu kati ya 26. Jaribio jingine la chuo hicho, lililochapishwa mwaka 2010 na Matthew Crump na Gordon Logan, lilikwenda mbali zaidi: kompyuta ilisahihisha kwa siri baadhi ya makosa ya wachapaji, na mahali pengine ikatia makosa ambayo hawakuyafanya. Walipoulizwa, wachapaji walielekea kuamini kilichoonekana kwenye kioo, wakajisifu kwa usahihi usio wao na kujilaumu kwa makosa yasiyo yao. Lakini vidole vyao havikudanganyika, kwa kuwa vilipunguza mwendo baada ya makosa ya kweli peke yake. Ndani ya mtu mmoja, basi, mna waamuzi wawili, na yule anayeulizwa mahakamani siye aliyeshuhudia.

Thomas wa Akwino, ambaye falsafa yake ndiyo iliyosomeshwa katika seminari zilizomlea Stefano Kaoze, mwana wa Marungu kusini mwa Kalemie aliyepadirishwa mwaka 1917, alitofautisha tendo la kibinadamu, linalotoka katika fikra na hiari, na tendo la mtu tu, kama vile kujikuna ndevu huku akili ikiwa kwingine. Kwa mtazamo wa haraka kuteleza kwa kidole kungewekwa katika fungu hili la pili na shauri likaishia hapo. Jawabu hilo ni jepesi mno. Aristotle alikwisha kuonyesha kwamba aliyerusha jiwe hawezi kulirudisha, na bado kulirusha kulikuwa katika uwezo wake, na kwamba tabia iliyokwisha kukomaa hushitakiwa kupitia matendo yaliyoijenga. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliieleza tabia kuwa hali iliyokita mizizi katika nafsi, ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi bila kufikiri, na mfano aliouchagua ni wa mwandishi wa hati, anayeulazimisha mkono wake kuiga hati njema mpaka uzuri wake uwe maumbile yake. Kwa hiyo mchapaji hawajibiki katika nukta ile ya mpigo, ambapo kwa kweli hakuwepo. Anawajibika katika nyakati mbili alizokuwepo kwa akili yake yote, nazo ni wakati wa kujizoeza na wakati wa kusoma upya.

Kujizoeza kuna kanuni zake. Wanafunzi wengi huikimbilia kasi wakitumaini kwamba usahihi utakuja nyuma yake, na hili ni kosa, kwa kuwa mkono hukariri kila unachorudia, na herufi isiyo sahihi iliyorudiwa mara nyingi hukaririwa pamoja na nyingine. Anayetaka kuendelea huanza polepole kiasi cha kutokosea, bila kutazama vitufe, kwa mapigo yaliyo sawa, dakika chache kila siku kuliko saa nyingi siku moja, na kwa maandishi ya lugha atakayoichapa: mazoezi ya Kifaransa hayamfundishi mkono «mw», «ngw» wala «nya», wala majina ya Kitabwa na Kiluba. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto cha Finland, uliotolewa mwaka 2018 kutokana na mipigo milioni 136 ya watu wapatao 168,000, ulionyesha kwamba wenye kasi kubwa ndio pia wenye makosa machache. Wanaosema haraka haraka haina baraka hawakukosea, mradi ieleweke kwamba haraka ni kuuvuka uwezo wa leo, ilhali kasi ya aliyezoea haina papara ndani yake.

Kusoma upya ndiko kunakopuuzwa zaidi, na sababu yake si uvivu. Katika vibanda vya kuchapa na kutoa fotokopi malipo huhesabiwa kwa ukurasa, foleni hungoja, umeme hauaminiki, na dakika za kukagua hazilipwi na mtu. Hapa sheria ya Kiislamu inatoa msaada ambao hata asiye Mwislamu anaweza kuupokea, kwani hutenganisha dhambi na dhamana: aliyeharibu mali ya mtu kwa bahati mbaya hana dhambi, lakini fidia inabaki juu yake. Kwa kipimo hicho aliyechapa jina vibaya bila kukusudia haitwi mwovu, ila malipo ya kuuchapa ukurasa upya hayawezi kudaiwa kwa mteja, na ofisi iliyoagiza majina 100 kabla ya adhuhuri bila kutenga muda wala fedha ya kuyasoma mbele ya wenyewe, herufi kwa herufi, inashiriki deni hilo kwa sehemu iliyo kubwa kuliko ya kidole.