Siri ya Damu Ni ya Nani?

Katika kikao chetu kimoja liliulizwa suali ambalo hatukuweza kulimaliza usiku ule, na tumeona bora tulilete mbele ya wasomaji wetu. Mwanamke akipatwa na saratani ya matiti, kisha ikapimwa damu yake na ikaonekana kwamba ugonjwa wake watokana na kasoro aliyoirithi kwa wazazi, je, khabari hiyo ni siri yake peke yake, au ndugu zake nao wana haki?

Wengi wetu walijibu upesi kwamba maradhi ya mtu ni siri yake, na mwenye kuifichua amemkosea. Jawabu hili ni zuri, lakini twaona limekata nusu ya jambo na nusu limeliacha. Ili tulione hilo, yatupasa kwanza tujue khabari zenyewe zilivyo.

Kwamba saratani ya matiti huandama baadhi ya jamaa si jambo jipya. Mwaka 1866 tabibu wa Kifaransa, Paul Broca, aliandika khabari za jamaa ya mkewe, akaonyesha jinsi wanawake wa vizazi mbali mbali walivyokufa kwa maradhi hayo. Aliyaona, lakini sababu yake hakuijua. Ilipita zaidi ya miaka 120 mpaka mtaalamu wa Marekani, Mary-Claire King, alipotangaza mwaka 1990 kwamba katika baadhi ya jamaa za namna hii kasoro imo mahali maalumu katika kromosomu ya 17. Mwaka 1994 jeni yenyewe ikapatikana, ikaitwa BRCA1. Na mwaka uliofuata ikapatikana ya pili, BRCA2. Kazi ya jeni hizi ni kusaidia kutengeneza uharibifu unaotokea ndani ya chembe za mwili. Zikiwa na kasoro, uharibifu hubaki, ukazidi, na mwisho wake huweza kuwa saratani.

Hapa inafaa tutenge alama za namna mbili, kwani watu huzichanganya.

Namna ya kwanza ni alama zilizomo katika uvimbe wenyewe. Daktari hukata kipande chake akatazama kama kinakuzwa na homoni, na kama kina kwa wingi protini iitwayo HER2. Alama hizi humjulisha jinsi ugonjwa utakavyokwenda na dawa itakayofaa. Zamani mgonjwa mwenye HER2 nyingi alihesabiwa kuwa hali yake ni mbaya kuliko ya wenziwe. Lakini tangu dawa ya trastuzumab ilipokubaliwa Marekani mwaka 1998, alama ile ile iliyokuwa ikitisha imekuwa mlango wa matibabu. Alama za namna hii zamhusu mgonjwa mwenyewe. Dada yake akizijua au asizijue, mwili wake yeye haubadiliki. Basi hizo ni siri ya mgonjwa, wala hapana mwenye haki ya kumuuliza.

Namna ya pili ni kasoro aliyozaliwa nayo. Hii haikuanza kwake wala haikomei kwake. Mzazi aliyenayo, kila mtoto wake, wa kiume na wa kike, ana nafasi moja katika mbili ya kuirithi. Na hapa watu hukosea sana: hudhani kwamba ugonjwa huu hutoka upande wa mama tu, wakauliza khabari za mama mkubwa na mama mdogo, wakamsahau shangazi. Baba huipitisha sawasawa na mama, hata kama yeye mwenyewe hakuugua.

Hatupendi kutia watu khofu. Katika wagonjwa 100 wa saratani ya matiti, ni kiasi cha 5 mpaka 10 tu ambao ugonjwa wao watokana na kasoro ya kurithi. Lakini kwa aliyenayo jambo ni zito. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika wanawake 100 wenye kasoro ya BRCA1, kiasi cha 72 hupatwa na saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80. Na wenye kasoro ya BRCA2, kiasi cha 69. Kwa wanawake wa Marekani kwa jumla, ni kiasi cha 13 katika 100.

Suali la nani mwenye mali hii limewahi kufika mahakamani. Kampuni ya Myriad Genetics ya Marekani ilikuwa na hati za kuzimiliki jeni hizi mbili. Tarehe 13 Juni 2013 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi ile waliamua kwamba kitu cha maumbile hakiwi milki ya mtu kwa sababu tu amekitenga na mwili. Sisi twajiuliza: ikiwa kampuni haiwezi kusema, "Jeni hii ni yangu," je, mmoja katika jamaa aweza kusema, "Khabari yake ni yangu peke yangu"?

Tukadirie ndugu wanaoishi katika nyumba ya urithi. Mmoja wao ameona kwamba boriti za dari zimeliwa na mchwa, akanyamaza ili watu wasiiseme vibaya nyumba yao. Dari ikiwaangukia wenziwe, atajitetea kwa neno gani? Alichokificha si siri yake. Ni khatari ya wote.

Na kunyamaza kwa mgonjwa kuna dhara ambayo wengi hawaijui. Kasoro za jeni hizi ni nyingi na tafauti. Ikijulikana ile hasa aliyonayo mgonjwa, dada yake hupimwa hiyo; akiwa hanayo, huambiwa kwamba urithi ule haukumfika, na khatari yake huwa kama ya wanawake wengine. Lakini isipojulikana, hata akipimwa na kisionekane kitu, daktari hawezi kumpa jawabu la yakini. Basi neno moja la mgonjwa laweza kumwondolea nduguye khofu ya umri mzima, na kimya chake chaweza kumwacha nayo.

Huenda mtu akasema: lililokadiriwa litakuwa, basi kujua kwafaa nini? Lakini asemaye hivi, akiambiwa khabari ya mchwa, hasemi haya, humwita fundi. Na hapa mafundi wako. Mwanamke mwenye kasoro hushauriwa apigwe picha ya MRI kila mwaka tangu miaka 25. Wengine huchagua kuondolewa matiti kabla ya kuugua, na khatari hupungua kwa kiasi cha 90 katika 100. Twajua kwamba mambo haya ni ya gharama, na kwa wengi wetu wa pwani hayapatikani karibu. Lakini mwanamke ajuaye urithi wake hatalifanyia dharau donge dogo akalingojea mwaka mzima, na hilo halihitaji mali nyingi.

Wengine huogopa kwamba khabari ikitoka binti zao hawataposwa. Khofu hii ni ya kweli, wala hatuicheki. Lakini dawa yake si kuwaficha mabinti wenyewe. Mwenye haki ya khabari ni yule ambaye yamkini kasoro imo katika damu yake: ndugu, watoto waliokwisha kuwa watu wazima, mashangazi, maami na watoto wao. Jirani hana haki, tajiri wa kazi hana, wala mpita barazani. Marekani waliweka sheria mwaka 2008 ya kuwazuia waajiri na bima za afya wasiwabague watu kwa khabari hizi. Na hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imezihesabu khabari za jeni miongoni mwa khabari nyeti. Kwa hivyo anayeambiwa naye amepewa amana. Akiipeleka nje, dhulma yake si ndogo kuliko ya aliyeficha.

Imebaki haki moja nayo ni ya kuchungwa: yuko asiyependa kujua, na huyo asilazimishwe. Yatosha kumwambia faraghani, "Kuna ugonjwa unaorithiwa katika jamaa yetu, ukitaka nikueleze, nipo." Akikataa, mlango uachwe wazi. Na watoto wadogo wasipimwe kwa ajili ya jambo hili, kwani kabla ya utu uzima haliwafai kitu. Wangoje wakue wajiamulie wenyewe.

Basi rai yetu ni hii. Alama za uvimbe ni siri ya mgonjwa. Alama ya urithi ni amana ya jamaa, ifikishwe kwa wenyewe na izuiliwe kwa wengine. Aliyepimwa na amtake daktari wake ampe karatasi yenye jina kamili la kasoro, kisha awape nduguze. Na sisi wanaume tusidhani kwamba haya ni mazungumzo ya ndani ya wanawake. Nusu ya urithi wa binti zetu watoka kwetu. Tuwaulize dada zetu khabari zao wangali hai.