Ibn Khaldun na Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hutajwa kwa mzaha, kumkumbusha mgeni kuwa ana kwao. Lakini ina upande wa pili usiotazamwa sana. Kumpa mtu jembe ni kumruhusu aingie shambani. Anayelishika hahurumiwi tena, bali anashirikiana na wenyeji. Je, mwenyeji anayemlisha mgeni miaka nenda miaka rudi bila ya kumpa jembe amemkirimu, au amemnyima kitu?

Suala hili lilikwisha kufikiriwa zamani. Abdulrahman Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, aliandika Mukaddima mwaka 1377, zaidi ya karne nne kabla ya Mfaransa Auguste Comte kuipa elimu ya jamii jina inaloitwa hadi leo. Ukoo wake ulijinasibisha na Hadhramaut, kule kule walikotoka mababu wa wakaazi wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Ukoo huo ulikaa Andalusi, kisha ukahama Seville kabla ya mji huo kutekwa mwaka 1248. Yeye mwenyewe alifiwa na wazazi kwa tauni angali kijana, akahama kutoka Fez hadi Granada, akaishia Cairo. Na ahali zake walighariki baharini walipokuwa njiani kumfuata Misri. Mtu huyu, aliyeandika juu ya kinachowafunga watu pamoja, alikuwa ameyaonja machungu ya vifungo hivyo kukatika.

Kifungo hicho alikiita asabia: ule moyo unaowafanya watu wateteane na kubebeana mizigo. Wengi hudhani kuwa asabia ni damu tu. Ibn Khaldun hakuishia hapo. Aliona kuwa nasaba ni jambo la kudhaniwa, na faida yake ni muungano na msaada unaozaliwa nayo. Pasipokuwa na msaada, nasaba hubaki jina tu. Tena alieleza kuwa hata mtu wa mbali, akiishi na kaumu kwa mapatano na kusaidiana, huingia katika asabia yao.

Fikra hiyo ina mahali pa kupimwa katika nyanda za juu za Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kuwapokea Wakongo, wengi wao Wabembe wa Kivu ya Kusini, waliovuka Ziwa Tanganyika wakikimbia vita. Mwaka 2015 waliingia Warundi, na katika miezi michache idadi ya watu kambini ikazidi mara mbili. Wenyeji wa Kasulu na Kibondo ni Waha, na Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana. Wakongo nao walikuja na Kiswahili, lugha iliyofuata njia za misafara kutoka pwani hadi Ujiji na kuvuka ziwa. Basi lugha zilikuwapo, na ujirani ulikuwapo. Kilichokosekana ni jembe. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 ilimtaka mkimbizi akae katika eneo alilopangiwa, asitoke bila ya kibali. Na hivyo riziki yake ikategemea mgawo.

Katika mlango wa Mukaddima unaohusu dhuluma, Ibn Khaldun anaeleza kuwa mtu asiyekuwa na tamaa ya kufaidi jasho lake huacha kujitahidi, na mikono ikilegea, umrani, yaani maisha ya pamoja ya watu, nao huporomoka. Alikuwa akizungumzia watawala wanaopora mali za raia. Lakini hoja yake inamgusa pia yule ambaye hakuporwa kitu, ila amezuiwa asichume. Huyo hupewa chakula, naye hana cha kumpa jirani. Na asabia haizaliwi pale ambapo upande mmoja hutoa na upande wa pili hupokea tu.

Mfano wa kinyume chake umo Tanzania hiyo hiyo. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waligawiwa mashamba huko Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, katika mkoa wa leo wa Katavi. Walilima wakajitegemea, na mwaka 2014 wapatao 162,000 walipewa uraia. Uraia huo ulitanguliwa na miaka zaidi ya thelathini ya jembe.

Mwenyeji naye ana hoja zake, wala si za kubezwa. Misitu ya Kasulu imekatwa kwa kuni, ardhi haiongezeki, na nchi yenye mahitaji yake imebeba mzigo ambao mataifa tajiri yameukwepa. Ibn Khaldun mwenyewe hakudai kuwa kila mlango uwe wazi kwa kila ajaye. Mafunzo yake yanadai jambo dogo zaidi, na gumu zaidi: asihesabiwe mgeni daima yule ambaye mwenyeji mwenyewe ndiye aliyemzuia asiwe jirani. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1996 amekwisha kufikia umri wa kuwa mzazi. Kwa hesabu ya methali, siku yake ya tatu ilipita zamani.