Neno "Ili" na Dhiki za Watu

Katika lugha yetu limo neno dogo la herufi tatu ambalo walimu hulipitia haraka darasani, nalo ni neno "ili". Twawaambia wanafunzi kwamba ni kiunganishi cha kuonyesha kusudi, twatoa mifano miwili mitatu ubaoni, kisha twaendelea na somo jingine. Makala hii yahusu kosa tulilolifanya sisi wenyewe kwa neno hilo, wala halikuwa kosa la sarufi.

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yako katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda, na tangu hapo yamewapokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kwa wengi wao, hasa waliotoka Kivu, Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya ibada. Sisi twakaa Mbarara, na kwa muda sasa tumekuwa tukienda huko kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika Kiswahili sanifu.

Siku moja methali ya somo ilikuwa "Baada ya dhiki faraja". Kwa kuwa wanafunzi wetu karibu wote ni Wakristo, tuliona vyema kuieleza kwa kisa cha Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha na baadaye akawa msimamizi wa nchi nzima ya Misri. Tukahitimisha kwa kusema kwamba kila dhiki hutumwa na Mungu ili ilete jambo jema.

Mama mmoja wa makamo akainua mkono. "Mwalimu," akasema, "Yusufu alisema maneno hayo akiwa shimoni, au akiwa jumbani?" Kabla hatujajibu akaongeza kwa sauti ya chini: "Na mwanangu niliyemzika njiani, alikufa ili mimi nijifunze nini?"

Darasa likanyamaza. Nasi, kwa haraka ya mtu aliyebanwa, tukajibu kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Yule mama akakunja daftari lake, akaaga kwa adabu, akaondoka. Wiki mbili zilizofuata hakuonekana.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tuliporudi nyumbani Mbarara tulivisoma upya visa vile, si kama mtu atafutaye mifano ya somo, bali kama mtu aliyeulizwa swali akashindwa.

Jambo la kwanza tuliloliona ni hesabu ya miaka. Yusufu alikuwa na umri wa miaka 17 habari zake zinapoanza. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ikapita miaka saba ya shibe na miwili ya njaa ndipo akajitambulisha kwa ndugu zake na kuwaambia kwamba Mungu ndiye aliyemtanguliza Misri. Yaani miaka ipatayo 22 ilipita kabla ya neno "ili" kutoka kinywani mwake. Shimoni hakulisema. Gerezani alilalamika waziwazi kwamba ameibwa kutoka nchi yake na kwamba hakutenda neno la kumstahilisha kifungo, wala Maandiko hayamlaumu kwa malalamiko hayo.

Jambo la pili ni msemaji na msemwa. Yusufu, aliyeumizwa, ndiye aliyesema. Aliwaambia waliomuumiza, waliokuwa wakitetemeka kwa hofu ya kisasi, na papo hapo akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Kinywani mwake neno lile lilikuwa msamaha, na ghala lilikuwa wazi. Hebu fikiri lau kama ndugu ndio wangelisema: "Tulikuuza ili upate cheo." Maneno yaleyale yangegeuka kuwa ufidhuli. Ama sisi tulilisema bila kuumizwa na bila ghala, tukiwaambia watu ambao posho yao ya chakula, kama ya wakimbizi wengine nchini, imepunguzwa zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020.

Jambo la tatu ni kwamba visa hivi vimeshikana kama pete za mnyororo, wala hakuna pete iliyo mwisho. Jamaa ya Yusufu waliokolewa na njaa kwa kwenda Misri. Lakini katika Misri hiyohiyo wazao wao walifanywa watumwa. Walipotoka utumwani walipewa sheria kwamba mavunaji asiyamalize mazao yote shambani, bali awaachie mgeni, yatima na mjane, na sababu iliyotajwa ni kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri. Vizazi vingi baadaye, Ruthu Mmoabu, mjane na mgeni, aliokota masuke katika shamba la Boazi kwa sheria hiyo, na katika uzao wake akazaliwa Mfalme Daudi. Hivyo machungu ya watumwa yalikuwa mkate wa mgeni. Aonaye mkono wa Mungu hapa hakosei. Lakini tuangalie mahali mkono huo ulipopitia: ulipitia katika mikono ya watu walioukumbuka uchungu wao, wakakataa kumfanyia mgeni yale waliyofanyiwa.

Katika kisa hicho yumo pia Naomi, mkwewe Ruthu, aliyekimbia njaa ya Bethlehemu akaenda Moabu, na huko akafiwa na mume na wana wawili. Aliporudi aliwaambia wanawake wa mji wamwite Mara, yaani mchungu, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda machungu. Ruthu hakumkosoa wala hakumhubiria. Alikwenda shambani kutafuta chakula.

Na mama wa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, wakati Yusufu mume wa Mariamu alipomkimbiza mtoto Yesu usiku kwenda Misri? Injili ya Mathayo haikuwapa sababu yoyote. Yamtaja Raheli awaliliaye watoto wake asitake kufarijiwa, kisha yanyamaza. Ikiwa Injili yenyewe ilinyamaza mbele ya mama hao, sisi tulipata wapi ujasiri wa kusema?

Huenda msomaji akauliza: Je, basi tusiamini kwamba mema hutoka katika mabaya? Tuamini, kwani twayaona. Wazee wa Mbarara wakumbuka vita vya mwaka 1979, mji ulipobomolewa vibaya, na kwamba Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya askari na hofu. Leo kwa lugha hiyohiyo mkimbizi na mwenyeji huuziana ndizi na kujuliana hali. Hilo ni jema. Lakini tukisema kwamba mji ulibomolewa ili sisi tupate kazi ya kufundisha, tutakuwa tumewatukana waliokufa na kumsingizia Mungu. Kusema kwamba Mungu aweza kutoa jema katika baya ni imani. Kumwambia mfiwa kwamba baya lake lilitendwa kwa ajili ya jema fulani ni kujitia ujuzi tusiokuwa nao. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba bila neno, na hapo walikuwa rafiki wa kweli. Walikosea walipofungua vinywa.

Wiki ya tatu yule mama alirudi. Tulimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa mbele ya darasa ndipo tulipomkosea. Akajibu: "Mwalimu, mimi sikuacha kumwamini Mungu. Nilichoka na watu wanaomsemea." Kisha akaketi, akafungua daftari, akauliza tumefika ukurasa gani.

Tuliirudia methali ile, na safari hii tukaisoma kwa makini yatupasayo walimu wa lugha. Wahenga hawakusema kwamba dhiki huja ili ilete faraja. Walisema "baada ya". Walitaja mfuatano wa mambo, wakamwachia Mungu kusudi lake, na mwenye dhiki wakamwachia haki ya kulitamka "ili" siku yake itakapofika, au asilitamke kamwe. Tukiifundisha methali hii, na tuifundishe kama ilivyo, bila kuitia neno ambalo waliotutangulia walijizuia kulitia.