Chombo Kilichotia Nanga

Wengi wenu mwakaa mbali na maji makubwa. Ninyi wa milima ya Masisi mwaliona ziwa Kivu mnaposhuka njia ya Sake. Na ninyi wa misitu ya Walikale mwaujua mtumbwi wa mto Lowa, uliofungwa kwa kamba kwenye mti, ukingoja watu wa kuvuka. Hata hivyo leo nataka kuwaingiza katika mashua, tukae humo tangu asubuhi hata jioni, pasipo kwenda popote.

Labda mtasema: Kukaa mashuani pasipo kwenda kuna faida gani? Hilo ndilo swali lenyewe. Maana wako kati yenu wanaouliza hivyo hivyo juu ya ukatekumeni wao: "Padri, nimejifunza miaka miwili, miaka mitatu, nangoja nini tena?" Tena wako wengine wenye uchungu zaidi. Vita viliwakimbiza kijijini, katekista wao akaenda upande mwingine, daftari la majina likapotea, na sasa wanaogopa kwamba miaka yao yote imemwagika kama maji.

Sikilizeni basi mfano.

Kijana mmoja mkatekumeni alikimbia vita vya Masisi, akafika Minova, kwenye ufuko wa ziwa Kivu. Akapata kazi kwa wavuvi wa sambaza. Wavuvi hao huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu ya mikaratusi, hutoka jioni, huwasha taa juu ya maji, na samaki wale wadogo huufuata mwanga hata wakaingia wavuni. Asubuhi hurudi, akina mama hununua samaki, nao wavuvi huenda kulala. Kijana yule akapewa kazi ya mchana: kukaa chomboni peke yake na kukilinda, kikiwa kimetia nanga karibu na ufuko. Nanga yenyewe ilikuwa jiwe kubwa lililofungwa kamba.

Siku ya kwanza ziwa lilikuwa shwari. Kijana akatazama milima, akatazama ndege, akachoka. Akasema moyoni: "Wenzangu wamevua, mimi nimekaa bure. Chombo hiki hakiendi mbele wala nyuma." Akalala usingizi.

Adhuhuri upepo ukavuma. Kijana akaamka, akaona mlima uliokuwa mbele yake sasa uko nyuma yake. Akaogopa, akamwita mvuvi mzee aliyekuwa akishona wavu ufukoni: "Ee mzee, tunapotea!"

Mzee akamjia kwa mtumbwi mdogo, akasema: "Hapana, mwanangu. Tazama kamba. Chombo kilichotia nanga hugeuka kuuelekea upepo. Kitalizunguka jiwe lake, lakini hakitaliacha." Kisha mzee akainama, akamwonyesha maji yaliyojaa chini ya mtumbwi, yaliyoingia kwa ufa mwembamba. Akamwonyesha na kamba ya nanga: mahali iliposuguana na ubao, nyuzi nyingi zilikuwa zimekwisha kukatika. Akamwambia: "Wewe ulilala, lakini maji hayakulala, wala ubao haukuacha kuikata kamba. Usiku, katikati ya ziwa, hatupati nafasi ya kuziba ufa. Chombo hutengenezwa mchana, kinapotulia. Usiku huonyesha tu kazi ya mchana."

Basi kijana akachota maji na kuyamwaga, akaziba ufa, akaifunga kamba upya, akashika wavu na sindano. Jioni wavuvi walipokuja na taa zao, walikuta chombo kiko tayari, wakatoka.

Wakatekumeni wapenzi, mwaelewa tayari. Chombo kile ni ninyi. Mchana ule ni miaka ya ukatekumeni. Usiku ule wa kutoka na taa ni usiku wa Pasaka, ambapo Kanisa huwasha mshumaa mkubwa gizani na kuwabatiza watoto wake wapya; tena ni usiku wa majaribu yote yatakayowafikia baadaye, katika ndoa, katika njaa, katika ugonjwa na katika hofu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliagiza kwamba mtu ajifunze kwa miaka minne kabla ya kubatizwa. Alijua kwamba ufa usiozibwa mchana huzamisha chombo usiku. Je, wewe ufa wako ni upi? Ni pombe? Ni chuki juu ya jirani wa kabila lingine? Ni deni usilotaka kulilipa? Sasa ndio wakati wa kuuziba.

Wala msidhani kwamba Mungu halali tu nanyi katika kimya hiki pasipo kutenda. Nitawapa ushuhuda wa ziwa lenyewe. Zamani ziwa Kivu halikuwa na sambaza. Kati ya mwaka 1958 na 1960 wachanga wao walichukuliwa ziwa Tanganyika, wakatiwa ziwani Kivu. Miaka ikapita, nyavu hazikuonyesha kitu cha maana. Mtu angeweza kusema: Wamekufa wote, kazi ilikuwa bure. Kumbe walikuwa wakiongezeka majini pasipo kelele. Na katika miaka ya 1970 ndipo uvuvi wao ukaanza, nao hata leo unawalisha watu wengi wa nchi yetu. Hivyo ndivyo neno la Mungu linavyofanya kazi ndani ya mtu. Sala uliyofundishwa mwaka wa kwanza, ambayo huoni matunda yake, inaishi moyoni mwako.

Lakini tuangalie pia nanga. Ziwa Kivu penye kina kirefu hufika mita 480 hivi. Mvuvi akitupa jiwe lake katikati ya ziwa, kamba yake haifiki chini. Jiwe linaning'inia, na chombo kinachukuliwa na upepo, ingawa mwenyewe anajisifu kwamba ametia nanga. Ndivyo alivyo mtu anayeweka tumaini lake katika hirizi, au katika fedha za madini, au katika bunduki ya nduguye. Ana kamba, ana jiwe, lakini halijashika kitu. Mwandishi wa Barua kwa Waebrania anatufundisha kwamba tumaini letu ni nanga ya roho, nayo imeingia mbinguni mahali alipotangulia Yesu. Tazameni ajabu hiyo: nanga za watu hushuka chini, nanga ya Mkristu hupanda juu. Kwa sababu hiyo Wakristu wa kwanza wa Roma walichora nanga juu ya makaburi ya wafu wao. Waliteswa na kuuawa, lakini kamba yao haikukatika.

Mtume Paulo naye alijua maana ya kungoja nangani. Mtakatifu Luka anatusimulia katika Matendo ya Mitume jinsi chombo chao kilivyopigwa na tufani siku kumi na nne. Usiku mabaharia wakahisi kwamba nchi iko karibu, wakashusha nanga nne, wakatamani kupambazuke. Ndipo wengine kati yao wakashusha mashua ndogo, wakijifanya kwamba wanakwenda kushusha nanga nyingine, kumbe walitaka kutoroka na kuwaacha wenzao. Paulo akawaonya askari kwamba wale wasipokaa chomboni hakuna atakayeokoka, nao askari wakazikata kamba za mashua ile. Kulipopambazuka Paulo akawahimiza watu kula, akamshukuru Mungu mbele yao wote. Walikuwa watu 276, nao wote wakafika pwani salama.

Ndugu zangu, mashua ndogo ya kutorokea iko hata kwetu. Mmoja anasema, "Nitarudi dini itakapokuwa nyepesi". Mwingine anaacha mafundisho kwa sababu amechoka kungoja, naye anatoa udhuru mzuri kama wale mabaharia. Ikate kamba ya mashua hiyo. Kaa chomboni pamoja na wenzako.

Nami sasa nasema nawe uliyekimbia vita, uliyelala katika kibanda cha turubai, usiyejua jina lako limeandikwa wapi. Mlima uliokuwa mbele yako sasa uko nyuma yako, nawe unadhani umepotea. Itazame kamba. Nanga yako haikutiwa kijijini kwako, hata iondoke kijiji kikiondoka. Imeshika kwa Mungu. Mwendee katekista au padri wa mahali ulipo, mweleze ulipofikia. Atakuuliza maswali, labda atakuambia urudie somo fulani. Usione kwamba ni adhabu. Ni mzee yule anayekagua kamba pamoja nawe.

Na ukiuliza kwa hofu, "Je, nikifa kabla ya kubatizwa?" sikia mafundisho ya Kanisa. Mkatekumeni anayekufa akiwa na hamu ya ubatizo, akitubu dhambi zake na kuwa na mapendo, hakosi wokovu, ijapokuwa hakuweza kupokea sakramenti. Tena katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kukubatiza, akikumiminia maji kichwani na kusema maneno mliyofundishwa, mradi akusudie kufanya lifanyalo Kanisa. Basi usiogope. Mungu hakuweka nanga ili aikate.

Kwa juma hili shikeni mambo matatu. Kila asubuhi, sali, hata kama ni Baba Yetu moja tu. Hiyo ndiyo kamba. Kila jioni, kabla ya kulala, tazama maji yaliyoingia mchana, uombe msamaha. Na siku moja katika juma, mtafute mwenzako aliyeacha mafundisho, ukae naye, umwambie kwamba nafasi yake ingalipo.

Katekista awaulize wanafunzi: Kwa nini mzee alisema kwamba usiku huonyesha kazi ya mchana? Nanga ya Mkristu imeshika wapi? Mabaharia waliotaka kutoroka walijifanya wanafanya nini, na sisi hutoa udhuru gani?

Tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyelala katika mashua wakati wa dhoruba, ukaamka na kuutuliza upepo, ukae pamoja na wakatekumeni wako wa Masisi na Walikale. Uwafundishe kungoja pasipo kulala, na jioni ya siku yao uwawashie taa yako. Amina.