Baiskeli Isiyo na Keria

Jumapili iliyopita jirani yangu aliniita chini ya ngazi za ploti yetu hapa Umoja, Nairobi, nikaone alichokitoa soko la Gikomba. Kilikuwa kimeegemezwa ukutani kando ya matangi ya maji: baiskeli ya mbio ya zamani, rangi yake ya damu ya mzee imepauka, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, matairi membamba ajabu. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti anafuta cheni kwa fulana kuukuu. Akanionyesha kibandiko kidogo kwenye bomba la chini ya siti, herufi zimeanza kumenyeka: Reynolds 531.

"Mama, hii huko Ulaya watu wanaitafuta kwa tochi," akaniambia. "Yule muuzaji hajui alichokuwa nacho."

Muuzaji huyo asiyejua alikuwa ametaja shilingi 35,000. Jirani alitanguliza elfu kumi, akapewa siku chache za kumalizia au kurudisha mzigo. Nikamuuliza itapandwa na nani, maana yeye mwenyewe kila asubuhi namwona akining'inia mlangoni mwa matatu. "Ni ya kijana," akasema. Kijana yuko gredi ya sita na aliahidiwa baiskeli tangu mwaka jana. (Enzi za mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi ahadi hizi zilikuwa na bei inayojulikana: leta alama 350, upate baiskeli. Mtihani ule ulifanywa mara ya mwisho 2023, na siku hizi wazazi tunaahidi tu bila kujua tunalipia nini.) Kijana alikuwa amesimama ngazi ya pili na karatasi ya chipsi mkononi. Akanyoosha mkono kugusa breki.

"Wee! Usiiguse na hayo mafuta."

Mkono ukarudi. Mkono ule uliorudi ndio umenikera wiki nzima, nikipika, nikiwa kwenye foleni ya matatu, hata kanisani.

Sitaki kuidharau baiskeli yenyewe. Kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, ilianza kuuza mabomba ya 531 mwaka 1935, na kwa miongo mingi baada ya hapo mabingwa wa mbio walishinda juu ya fremu zilizotengenezwa kwayo. Ni chuma kilichochanganywa na madini mengine hadi bomba likaweza kuwa jembamba bila kupoteza nguvu. Baiskeli nzima ya namna hiyo huwa na uzito wa karibu kilo 10; niliinyanyua kwa mkono mmoja, na mkono mwingine nimeshika mfuko wa sukuma wiki. Black Mamba zetu, zile za muuza mkate na muuza maziwa, hupita kilo 20 kabla hujafunga mzigo. Halafu kuna ufundi wake. Kila kona ya fremu mabomba yameingizwa ndani ya kiungio kilichochongwa kikaisha kwa ncha nyembamba, na kuzunguka ncha hiyo kuna mstari wa rangi ya dhahabu uliochorwa kwa mkono wa mtu. Mstari mmoja ulikuwa umetetema kidogo karibu na mwisho. Nilimpenda sana huyo mchoraji.

Kwa hiyo jirani yangu ana jicho. Ninachouliza ni kwa nini jicho lake limtwike mtoto wa miaka kumi na miwili mzigo wa kulinda kitu ambacho hakukiomba. Kijana aliomba baiskeli. Alichokaribia kupata ni kumbukumbu ya kiwanda cha Birmingham.

Tuanze na mambo ya fundi, maana hapo ndipo ndoto nyingi za huku kwetu Eastlands hufia. Fundi wetu yuko karibu na stendi, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Ana beseni la maji la kutafutia pancha, gundi, vipande vya tyubu kuukuu vya kukatia viraka, spana zisizotimia seti, na kipaji ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye cheti. Black Mamba anaifungua na kuifunga huku anabishana kuhusu timu ya Gor Mahia. Lakini magurudumu mengi ya baiskeli za mbio za zamani ni ya inchi 27, ilhali za siku hizi ni zile zinazoitwa 700. Kwa macho ni sawa. Tofauti ya kipenyo ni milimita nane, na tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine. Mtoto atanunuliwa tairi lisilo lake, litajazwa upepo, litachomoka njiani.

Fremu ikivunjika ndiyo balaa zaidi. Ya Black Mamba inapelekwa jua kali, inachomelewa kwa umeme, na mchana huohuo imerudi kubeba magunia. Mabomba ya 531 yalitengenezwa kuunganishwa kwa kuyeyusha shaba ya njano kwa moto wa kiasi. Ukiyachomelea kwa joto la umeme, chuma kando ya mshono hudhoofika, na siku moja hukatika bila kutoa taarifa. Sina hakika mafundi wangapi kati ya hapa na Kariobangi wangekataa kazi hiyo. Kwa jinsi tunavyotafuta riziki, wengi wangeifanya, na kwa moyo mweupe.

Na gia. Kwenye baiskeli hizo za zamani gia hubadilishwa kwa vijiti viwili vilivyofungwa kwenye bomba la chini la fremu. Kubadilisha, lazima uachie usukani mkono mmoja na kuinama. Kwenye barabara ya kijijini Ufaransa, sawa. Sasa mpeleke kijana barabara ya Outering. Barabara ile ilipopanuliwa tulijengewa njia ya waendao kwa miguu na baiskeli, jambo la kushukuru. Leo nenda uione ilivyojaa vibanda, viatu vya mtumba vilivyotandazwa na bodaboda zinazopita upande usio wao kwa sababu huko mbele kuna foleni. Mtoto mwenye mkono mmoja kwenye usukani hapo anaombewa na mama yake, basi.

Utaniambia hataenda Outering, atachezea mtaani. Mtaa upi? Umoja ilipojengwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Wamarekani ilikuwa mtaa wa nyumba za chini zenye uwazi katikati. Leo sehemu kubwa ni maghorofa yanayopeana mkono juu ya vichwa vyetu. Uwazi uliobaki ni wa kuegesha magari, kuanikia nguo na kupangia mitungi siku maji yanapokuja. Hapo katikati ndipo watoto huendeshea baiskeli, na huendesha vizuri kuliko sisi tunavyostahili, kwa sheria walizojitungia wenyewe.

Sheria hizo ndizo nataka tuziangalie, kwa sababu jirani yangu amezisahau. Sisi tuliolelewa Eastlands wengi hatukumiliki baiskeli. Tulikodi, shilingi chache kwa dakika chache, na mwenye baiskeli akikaa kwenye jiwe na saa yake ya mkono aliyoiamini yeye peke yake. Mmoja akiendesha, mwingine kwenye keria, na kikosi kizima kinakimbia ubavuni kikidai raundi. Siku hizi baadhi ya watoto wanazo zao, lakini desturi haijabadilika. "Nipe raundi moja tu, mpaka kwa geti." Mwenye baiskeli ana deni hilo kwa kila mtoto wa ploti, na hulipwa kwa njia zake: hukosi mtu wa kukusukuma, hukosi mtu wa kukushikia siti ukiwa hujajua, hukosi shahidi ukianguka.

Baiskeli ya jirani haina keria. Nilipomtajia, alinitazama kana kwamba nimetukana. Keria kwenye kitu kama hicho ni kufuru, akasema, itatoboa fremu. Basi mwanawe atambeba nani? Na yule rafiki yake wa ghorofa ya pili akiomba raundi, ataambiwa nini? Nawajua watoto wa ploti yetu, na naona njia mbili tu. Ama kijana atakuwa mchoyo, akae nayo barazani anaizungusha pedali kwa mkono huku wenzake wanacheza, ama atawapa raundi kwa siri, iangushwe, ukwaruzwe ule mstari wa dhahabu, kisha ajifunze kumdanganya baba yake.

Najua kuna msomaji ameshaanza kunijibu. Anasema watoto wa siku hizi hawathamini kitu kwa sababu wanapewa vitu rahisi. Mpe cha thamani, atajifunza kutunza. Hoja hii naisikia kila mahali na huwa inasemwa na watu wenye sebule ambazo watoto hawaruhusiwi kukaa. Mtoto hujifunza kutunza kitu anachoweza kukifungua na kukirudishia. Cheni ikitoka, airudishe mwenyewe, mikono iwe na grisi mpaka kwenye kiwiko. Breki ikilegea, aikaze vibaya, fundi amcheke, aikaze tena. Kitu ambacho baba pekee ndiye ana ruhusa ya kukishika humfundisha mtoto kusimama mbali.

Mwingine atanitajia Chris Froome. Nilijua atatajwa. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, ingawa kwa bendera ya Uingereza. Na tangu Septemba 2025, mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali kwa mara ya kwanza katika bara hili, kila baba anamwona Biniam Girmay kwenye goti la mwanawe. Sawa. Lakini Froome alipokuwa mvulana wa kama miaka 12 hakukabidhiwa kito akaambiwa asikiguse. Alikwenda Kikuyu kwa David Kinjah, mwendesha baiskeli aliyeiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na huko akaingia katika kundi la vijana wa Safari Simbaz, ambao pamoja na kupanda mlima walifundishwa kutengeneza baiskeli zao wenyewe kwa vipuri vilivyotumika. Alipata watu wa kuendesha nao. Girmay naye ametoka Eritrea, ambako Waitaliano waliacha mbio za baiskeli na wenyeji wakazifanya zao. Mtoto wa Asmara hukua akiona baiskeli zikishindana barabarani. Alishinda hatua tatu za Tour de France mwaka 2024 pamoja na jezi ya kijani. Hakuna kibandiko cha chini ya siti kinachozaa hayo.

Wa tatu ni mtu wa hesabu. Anasema vitu vya zamani hupanda bei, kwa hiyo ni akiba. Kama ni akiba, ndugu yangu, sacco ziko. Pesa ya sacco haihitaji kupandishwa ghorofa ya nne begani kila jioni. Na uzuri wa mwizi wa Eastlands ni kwamba hajui Reynolds. Ataiba kwa sababu haijafungwa, ataikata, na itapimwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu, biashara ambayo serikali iliipiga marufuku kwa muda mwaka 2022 nyaya za umeme zilipozidi kuibwa, kisha ikarudi. Birmingham ya mwaka wowote ule, kwenye mizani ya skrapu, ina bei moja na bati la paa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nilimwambia jirani usoni. Ana binti pia, mkubwa wa kijana kwa mwaka na kidogo. Likizo nzima ya Agosti nilimwona binti huyo akiendesha baiskeli za kukodi, amekunja sketi kiunoni juu ya suruali ya mazoezi, amembeba mdogo wake nyuma, anapita katikati ya mitungi bila kugusa hata mmoja. Mdogo wake alikuwa bado anashikiliwa siti. Lakini mazungumzo yote ya baiskeli, ya Ulaya, ya kipaji, yalikuwa juu ya kijana. Jirani alinyamaza, kisha akasema bomba la juu si zuri kwa msichana. Nikaona tukiendelea tutagombana, nikapanda juu na mboga zangu.

Labda sina haki ya kuingilia pesa ya mtu. Lakini ninaamini, na wiki nzima ya kuwaza haijanibadilisha, kwamba baba yule anajinunulia baiskeli aliyoitamani alipokuwa anakimbia ubavuni mwa wengine akidai raundi. Ni tamaa halali kabisa. Ailipie kwa jina lake. Aipande yeye Jumamosi asubuhi kabla magari hayajajaa, avae kofia ngumu, apigwe picha, na watoto wamcheke kidogo. Mtu mzima kuwa na kitu chake cha kupenda si dhambi. Kukiandikisha kwa jina la mtoto ili mama watoto asiulize bei, hapo ndipo ninapokataa.

Nawe mzazi unayetafuta ya mtoto, mitumba ipo mingi na chini ya nusu ya pesa ile utapata ya kutosha. Usiende peke yako, nenda naye. Mpandishe pale pale sokoni: vidole vya miguu vifike chini akiwa amekaa, vya mikono vifike kwenye breki bila kujinyoosha. Bana breki zote mbili na uisukume mbele, ikitembea, iache. Zungusha gurudumu uone kama linayumba. Hakikisha bomba la siti lina nafasi ya kupandishwa, maana mwakani atakuwa amerefuka. Muulize fundi wa mtaani kwenu kama ana tairi na tyubu za saizi hiyo kabla hujatoa pesa. Na kama haina keria, mwambie fundi aifungie moja, ya chuma, ya kubeba mtu.